Kosa la Kumkondesha Rais

Ipo nchi moja ambayo huwezi kuiona kwenye ramani, na si kwa sababu ya udogo wake. Ramani ilipokuwa inachapwa, wakuu wa nchi hiyo waligundua kwamba jina lao limeandikwa kwa herufi ndogo kuliko za jirani. Wakagoma, wakalifuta kabisa, wakarudi nyumbani vifua mbele. Inaitwa Jamhuri Tukufu ya Mawio, na wenyewe husema anayetaka kuiona aje kwa miguu yake.

Ndani ya nchi hiyo aliishi mwanamke mmoja aitwaye Sikudhani binti Machano, mwajiriwa wa Wizara ya Mwonekano wa Taifa. Wizara hiyo ilikuwa na wakurugenzi arobaini na sita na mtu mmoja wa kufanya kazi. Huyo mmoja ndiye Sikudhani. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mfupi, mwepesi wa kucheka, na kila ambacho serikali iliandika kwenye kioo cha simu ya mtu yeyote kilikuwa kimepita vidoleni mwake.

Huko Mawio kulikuwa na simu za aina mbili, nazo watu waliziita simu za wenyenchi na simu za wananchi. Za wenyenchi zilikuwa pana, zenye kioo laini ambacho hata nzi akitua hujiangalia kwanza. Za wananchi zilikuwa finyu, nene, na chaji yake ilikaa siku tatu. Kwa miaka mingi Sikudhani alikuwa akiandika programu mbili za serikali, moja kwa kila aina ya simu. Sababu yake ni kwamba kila simu ina fundi wake wa herufi ndani, kama kila mtaa ulivyo na fundi cherehani wake. Programu iliyoshonwa kwa ajili ya simu fulani humwambia fundi wa simu hiyo, "Niandikie jina hili," na fundi, kwa kuwa anakijua kioo chake, huliandika likakaa. Herufi za huku hazikufanana sana na za kule, lakini zote zilisomeka, na hakuna mtu aliyewahi kulalamika.

Huko kutolalamika ndiko kulikomtia Waziri wasiwasi.

Waziri mwenyewe alikuwa Mheshimiwa Daktari Pazi Ngurumo. Udaktari aliupata kwa heshima, na heshima aliipata kwa udaktari. Siku moja aliwaita wakurugenzi wote, akasimama, akanyoosha vidole viwili hewani.

"Ndugu zangu! Nimeambiwa leo hii kwamba tuna programu mbili! Leo programu mbili, kesho bendera mbili, na keshokutwa," hapo akashusha sauti, "marais wawili!"

Wakurugenzi wakashika vifua. Mmoja akaomba maji.

Ikaamuliwa papo hapo kwamba Mawio itakuwa na programu moja tu, itakayoitwa Sura Moja, na itatembea kwenye simu zote pasipo ubaguzi. Haitamwomba fundi wa simu yoyote msaada. Itabeba fundi wake yenyewe, mfukoni, kama msafiri anayebeba mpishi. Sikudhani akapewa majuma sita aiandike. Akaiandika kwa majuma matano, tena kwa furaha, maana ilimpunguzia kazi nusu nzima.

Fundi wa kubebwa alikuwa na kasoro moja: kila mahali alikuwa mgeni. Kwenye kioo laini cha wenyenchi herufi zake ziliiva vizuri, nyeusi, zimejaa mwili. Kwenye kioo cha wananchi zilitoka zimedhoofu kama zimetoka kuugua. Sikudhani aliona jambo hilo siku mbili kabla ya uzinduzi, kwenye simu yake mwenyewe, kwa kuwa naye alikuwa mwananchi. Alikusudia kabisa kulisema. Kwenye kikao cha mwisho Waziri akauliza, "Kuna tatizo lolote?" Wakurugenzi arobaini na sita wakajibu mmoja mmoja, kwa mpangilio wa vyeo, kwamba hakuna. Zamu ya Sikudhani ilipofika chai ilikuwa imeshaletwa, na watu wote walikuwa wakitazama sambusa.

"Hakuna," akasema.

*

Uzinduzi ulifanyika uwanja wa taifa. Mtukufu Rais Fumo Kizito alipanda jukwaani akiwa na simu yake mkononi. Alikuwa mtu mkubwa, mzito wa jina na mzito wa kiti. Akabonyeza, na juu kabisa ya kioo yakatokea maandishi: FUMO KIZITO, RAIS WA JAMHURI TUKUFU YA MAWIO. Herufi zilisimama kama askari wa gwaride walioshiba. Rais akatabasamu. Bendi ikapiga.

Kisha akaletwa Bi Tatu, muuza vitumbua, ambaye kamati ilimteua kufurahi kwa niaba ya wananchi. Alikuwa amefanya mazoezi ya furaha hiyo siku nzima. Akampa Rais simu yake ili naye aone.

Rais akaitazama. Akaisogeza karibu. Akaisogeza mbali.

"Huyu nani?" akauliza.

"Ni wewe, Mzee," Bi Tatu akasema, akifurahi.

"Mbona nimekonda?"

Bi Tatu hakuwa amefanyishwa mazoezi ya swali hilo. Akafikiri, kisha akajibu kwa huruma ya kweli, "Labda ni kazi nyingi, Mzee."

Bendi ikanyamaza ala moja baada ya nyingine, ngoma ikiwa ya mwisho. Rais akaziweka simu mbili ubavu kwa ubavu. Huku mguu wa K ulikuwa kama nguzo ya msikiti. Kule ulikuwa kama mguu wa mbu. Akageuka taratibu kumtazama Waziri Ngurumo, na watu waliokuwa safu ya mbele wanasema Waziri alipungua urefu.

"Ngurumo," akasema Rais. "Nani amenikondesha?"

"Maadui, Mtukufu," Waziri akajibu bila kupoteza pumzi. "Na tayari tunawajua."

*

Kesho yake ikapitishwa Sheria ya Kulinda Unene wa Jina la Mkuu wa Nchi. Ilikuwa na vifungu mia na nne, lakini kilichotumika ni kimoja: mtu yeyote atakayekutwa na simu inayomwonyesha Rais mwembamba atakuwa ametenda kosa la kukondesha. Kipimo kilikuwa punje ya mtama. Askari aliiweka punje juu ya mguu wa K, na punje ikionekana pana kuliko mguu, mwenye simu alikuwa na hatia.

Vizuizi vikawekwa barabarani. Katika kizuizi cha sokoni akapangwa Sajini Tenge, mtu mrefu mwenye uso wa mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Siku ya kwanza alikamata watu mia mbili, akapumzika pale tu kuku alipokuja akala kipimo. Kesi tisa zilifutwa kwa sababu hiyo. Kuku naye alitafutwa, hakupatikana, na inasemekana alivuka mpaka.

Siku ya tatu ndipo Sajini Tenge alipofika kwenye ngazi iliyoegemea ukuta wa kinyozi. Juu ya ngazi alikuwepo mzee mmoja mwenye brashi sikioni na nyingine mkononi, akichora KARIBU KINYOZI BORA.

"Shuka, mzee. Simu."

"Ngoja nimalize R."

"Serikali haingoji R."

"R isiyomalizwa ni P, afande. Utaweka kizuizi kwenye barabara yenye KAPIBU?"

Sajini akangoja R. Kisha mzee akashuka, akatoa simu yake finyu, punje ikawekwa, punje ikashinda.

"Jina?"

"Machano."

"Kazi?"

"Mchora herufi. Mwaka wa arobaini na moja sasa."

Sajini Tenge akaacha kuandika. Alikuwa kazini miaka ishirini na miwili na hajawahi kukamata kinara wa kitu chochote. Akamtazama mzee, akazitazama brashi, akauangalia ukuta uliojaa herufi.

"Kumbe ni wewe!" akasema, karibu amkumbatie.

Hivyo ndivyo baba yake Sikudhani alivyokamatwa na kutangazwa redioni, katika taarifa ya saa saba mchana, kuwa ndiye Kinara Mkuu wa Mtandao wa Wakondeshaji. Sikudhani aliisikia taarifa hiyo akiwa ofisini, akila muhogo. Simu yake mwenyewe, yenye Rais mwembamba kupita wote, ilikuwa imefichwa ndani ya birika la chai la idara.

Alikwenda moja kwa moja kwa Waziri. Hakupiga hodi.

"Mheshimiwa, yule mzee hana kosa. Mimi ndiye niliyeandika programu. Herufi zilinishinda mimi. Nifungeni mimi, mumwachie baba yangu."

Waziri akamtazama kama mtu anayesikia lugha ya kigeni.

"Binti, usiseme upuuzi. Tukikufunga wewe, nani atafanya kazi?"

*

Gereza lilikuwa limeshajaa, hivyo wakondeshaji walikuwa wakiwekwa uwanja wa taifa. Walifika elfu tatu na mia kadhaa. Sikudhani alimkuta baba yake kwenye viti vya wageni mashuhuri, maana vile vya kawaida vilikuwa vimejaa. Alimletea wali na kisamvu. Mzee alikuwa amekunja uso, akilitazama bango kubwa la uwanja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeiona hiyo W? Imekaa kama kiti kilichovunjika mguu. Nimelala chini ya W hiyo siku mbili, mwanangu. Chakula chao kibaya, sawa. Sakafu ngumu, sawa. Lakini ile W!"

"Baba, ni mimi."

"Najua ni wewe. Sijapofuka."

"Nasema ni mimi niliyezileta hizo herufi nyembamba. Niliziona kabla. Niliulizwa kama kuna tatizo, nikasema hakuna." Machozi yakamtoka. "Wote walikuwa wamesema hakuna. Chai ilikuwa imeletwa."

Mzee Machano akakiweka kijiko kwenye wali.

"Ilikuwa chai na nini?" akauliza.

"Sambusa."

"Sambusa za nyama?"

"Baba!"

"Nauliza tu. Mtu akimuuza baba yake, baba anayo haki ya kujua bei." Lakini alikuwa ameshamshika mkono, na mkono wenyewe haukuwa na hasira. "Haya, futa machozi, unalowesha kisamvu. Nionyeshe hilo balaa lenyewe."

Sikudhani akatoa simu mbili, ya wizara na ya kwake, ambayo bado ilinukia majani ya chai. Mzee akaziinua kwenye jua, akafumba jicho moja.

"Wino ni mmoja?"

"Mmoja."

"Kipimo ni kimoja?"

"Kimoja, baba. Ndiyo sifa yake. Kila mahali sawasawa."

"Sasa mwanangu, wewe si umekua chini ya ngazi yangu? Nikichora kwenye ukuta wa chokaa, ukuta unakunywa rangi, herufi inavimba. Nikichora kwenye bati, rangi inateleza, mguu unabaki mwembamba. Ndiyo maana brashi ya ukuta siyo brashi ya bati, na mtu wa bati simpi ukuta. Nani alikufundisha kupaka kabla hujaugusa ukuta?"

"Serikali."

"Aa," mzee akasema, akarudia wali wake. "Basi."

Sikudhani akaondoka akikimbia. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi mpaka linaudhi. Programu ingeweza kubaki moja, lakini kazi ya kuandika herufi irudishwe kwa wenyeji: kila simu ifanyiwe na fundi wake. Kwa Sikudhani ilikuwa kazi ya siku mbili.

Waziri alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Kisha akainuka, akafunga mlango.

"Yaani unapendekeza," akanong'ona, "kila simu imwandike Mtukufu Rais inavyojua yenyewe? Ya kaskazini hivi, ya kusini vile? Binti, huo ni ukabila wa herufi!"

"Ni usomekaji tu, Mheshimiwa."

"Ndivyo ukabila unavyoanza. Hapana. Fundi ni mmoja, na huyo mmoja aambiwe aongeze unene. Aongeze mpaka punje ya mtama itubu."

"Herufi ikinenepa inapanuka pia. Kioo cha mwananchi ni finyu. Jina halitaenea."

Waziri akanyoosha mgongo. "Mtukufu Rais," akasema, "anaenea popote."

Kisha akaongeza, kwa sauti ya kawaida, kwamba jina likishanenepa simu zote zitakuwa halali, na simu zikiwa halali watu wa uwanjani watarudi makwao. Hilo la mwisho ndilo lililomshinda Sikudhani. Aliwaza sakafu, akawaza ile W. Akaenda akanenepesha.

*

Toleo jipya liliingia kwenye simu za nchi nzima Jumatatu asubuhi, watu wakiwa wanakunywa uji. Herufi zilikuwa nene ajabu. Mguu wa K ungeweza kubebeshwa tangi la maji. Punje ya mtama ilipotea juu yake kama kisiwa baharini. Ila kwenye kioo finyu cha mwananchi, herufi nene zilifika ukingoni kabla jina halijaisha, na simu, kama simu zinavyofanya maneno yanapozidi nafasi, ikakata pale pale ikaweka nukta tatu, na ikawa hivyo kila mahali ilipoandika jina la nchi.

FUMO KIZITO, RAIS WA JAMHURI TUKUFU YA MA…

Kwenye foleni ya zahanati moja, mgonjwa mmoja akasoma kwa sauti, akafika kwenye nukta, akatua, akasema, "Magoti." Alikuwa na magoti mabovu. Foleni nzima ikacheka mpaka muuguzi akatoka nje kuuliza, naye akaangalia simu yake, akasema, "Malaria."

Ilipofika saa nne mchezo huo ulikuwa hauzuiliki tena. Wakulima walisema ni Jamhuri Tukufu ya Magugu. Madereva walisema ni ya Mashimo. Wanafunzi walisema ni ya Mazoezi, walimu wakasema ni ya Makosa. Mwanamume mmoja aliyeishi na wakwe alipita mtaa mzima akitangaza Jamhuri Tukufu ya Mama Mkwe, akalala kwa jirani. Bi Tatu alipiga simu redioni kupinga wale waliosema ni ya Maandazi, kwa kuwa yeye ni wa vitumbua na haki itendeke. Bungeni, Spika aliapisha mbunge mpya akisoma kiapo kutoka kwenye simu ya karani, akafika "nitaitumikia Jamhuri Tukufu ya Ma," akakwama, na mbunge kwa hofu akaapa kuitumikia Ma. Mpaka leo haijulikani kama kiapo hicho kinamfunga.

Watu hawakuwa wamecheka hivyo kwa miaka mingi. Waliumwa mbavu. Hata uwanjani, wakondeshaji elfu tatu walicheka kwa mawimbi, kutoka goli hili mpaka goli lile.

Kicheko cha Sikudhani kilimponyoka mara moja tu, ofisini, akakimeza. Jioni hiyo hiyo ilitangazwa kwamba kukata jina la nchi ni kosa kubwa kuliko kukondesha, na kwamba waliokwishakamatwa watabaki walipo ili kurahisisha kazi ya kuwakamata.

*

Rais mwenyewe alikuwa hajui. Kwenye simu yake pana jina lilienea lote na likabaki na nafasi ya kupumua. Alijua siku ya Jumatano, balozi mpya wa nchi jirani alipokuja kujitambulisha. Balozi alisoma salamu zake kutoka kwenye simu finyu ya humu nchini, kwa lafudhi nzuri ya mtu aliyejifunza lugha kwa bidii. "Naleta upendo wa watu wetu kwa watu wa Jamhuri Tukufu ya Ma," akasema, kisha akainama na kungoja kwa adabu aambiwe sehemu iliyobaki.

Likaitishwa Baraza la Mawaziri, na wizara nzima ya Mwonekano ikaletwa isimame ukutani.

Waziri wa Ardhi alishauri serikali itwae maeneo ya pembezoni mwa kioo kwa manufaa ya umma. Mwanasheria Mkuu alisema rahisi ni kubadili Katiba ili nchi iitwe Ma, na nukta zisomwe kwa kukohoa mara tatu. Akakohoa kuonyesha mfano. Mkuu wa Majeshi alitaka kujua nukta hizo zimeingia nchini kupitia mpaka upi.

Rais akapiga meza.

"Nani ameandika kitu hiki?"

Wakurugenzi arobaini na sita wakarudi nyuma hatua moja, kwa mpangilio wa vyeo, ikabainika kwamba aliyebaki mbele ni Sikudhani. Aliona kwa pembe ya jicho trei ya chai ikiingia, na kitu fulani ndani yake kikakasirika.

"Mimi, Mtukufu Rais. Na tatizo lipo. Lilikuwepo tangu mwanzo."

"Mtukufu, binti huyu hajalala vizuri," Waziri Ngurumo akadakia.

"Nimelala vizuri, Mheshimiwa. Waliolala vibaya wako uwanjani." Akaziweka simu mbili mezani, mbele ya Rais. "Kwenye hizi nimeweka toleo langu. Hakuna aliyeniruhusu. Humu kila simu inaandika jina lako kwa fundi wake yenyewe."

Rais akavaa miwani. Kwenye simu pana jina lilikuwa nene, limetulia. Kwenye simu finyu lilikuwa jembamba kidogo, limesogeleana kidogo, lakini lilifika mpaka O ya mwisho na likasomeka bila jasho.

"Hazifanani," Rais akasema.

"Hazifanani, Mtukufu."

"Kwa hiyo mimi nisifanane na mimi?"

"Hakuna mtu anayefanana kwenye vioo viwili, Mtukufu Rais. Hata mimi, kioo cha nyumbani kinanipenda. Cha ofisini hakinipendi kabisa."

Rais akamtazama muda mrefu. Kisha bega lake moja likatikisika, likafuata la pili, na kicheko kikamtoka, kikubwa, cha mtu aliyekikalia siku nyingi.

"Cha ikulu," akasema, akifuta macho, "hakinipendi tangu nihamie!"

Mawaziri wakacheka wote, mara moja, na kuacha mara moja.

"Nani alikufundisha haya?"

"Baba yangu. Machano, mchora mabango. Ndiye Kinara wa Mtandao."

Rais akavua miwani. "Machano wa ngazi? Aliyenichorea jina ukuta wa soko, nilipogombea udiwani?" Akawageukia mawaziri. "Jamani, nilikuwa mwembamba kama ufagio, hakuna aliyenijua. Mzee yule akanipa K moja! Watu walikuja kuitazama K, wakanipigia kura." Uso wake ukawa wa mtu wa kawaida, kidogo tu. "Na mmemfunga?"

"Si kumfunga, Mtukufu," akasema Waziri Ngurumo. "Tumemhifadhi."

*

Serikali ya Mawio haijawahi kukosea, na isingekuwa busara kuanza siku hiyo. Taarifa rasmi ilieleza kwamba wananchi elfu tatu na mia kadhaa walikuwa wageni wa taifa katika Semina ya Siku Tisa kuhusu Unene, na kwamba semina imefana. Kila mmoja alipewa cheti cha kuhudhuria. Mzee Machano alikataa kukipokea chake mpaka abadilishiwe, kwa sababu S ya Semina ilikuwa imelala. Waziri Ngurumo alipandishwa cheo akaongoze Wizara ya Mambo Yasiyoonekana, ambako mpaka sasa hajaonekana.

Toleo la Sikudhani likaingia kwenye simu zote. Jina la nchi likawa zima kila mahali: nene huku, jembamba kule, na punje za mtama zikarudi kuwa uji.

Na watu wakanuna.

Walizitafuta nukta zao asubuhi, wakazikosa. Kwenye foleni ya zahanati hakuna aliyesema kitu. Siku mbili hivi Mawio ilikaa kama nyumba iliyoondokewa na mgeni mcheshi. Siku ya tatu, Bi Tatu, aliyekuwa akifungua kibanda chake kipya cha vitumbua, alimtuma mtu amwite mzee Machano aje na ngazi.

Sikudhani aliomba ruhusa kazini akamshikie baba yake ngazi. Alipofika alimkuta ameshamaliza maneno, kwa herufi nyekundu za kupendeza: MGAHAWA TUKUFU WA MA. Sasa alikuwa akichora nukta, kubwa kama kitumbua, chini kabisa ya ukuta ambako nafasi ilibaki.

"Baba! Watakurudisha uwanjani!"

"Kwa kosa gani? Huu ni ukuta wa Bi Tatu, umejaa. Maneno yakizidi nafasi unafanyaje? Wewe ndiye mtaalamu." Akarudi nyuma, akalaza kichwa upande. "Hiyo ya kati imeinuka?"

Sikudhani akaitazama. "Imeinuka kidogo."

"Ishushe basi." Akampa brashi.

Alikuwa bado amechuchumaa, brashi mkononi, wakati kivuli kirefu kilipomfunika. Sajini Tenge alikuwa amesimama nyuma yao. Aliusoma ukuta taratibu, midomo ikitembea, mpaka nukta ya mwisho. Akafungua daftari la sheria. Akatafuta kifungu cha nukta. Akafunua mbele, akafunua nyuma.

"Ma nini?" akauliza hatimaye.

"Malizia mwenyewe, afande," Bi Tatu akamwambia kutoka dirishani. "Kwangu kila mteja anamalizia lake."

Sajini Tenge akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Alikuwa amesimama kizuizini tangu alfajiri, siku ya kumi na tatu mfululizo, maana hakuna aliyekumbuka kukiondoa.

"Mapumziko," akasema, polepole, kama mtu anayeomba kitu dukani bila uhakika kama kipo.

"Basi keti, baba, kipo," akasema Bi Tatu, akamsukumia kigoda na sahani ya vitumbua vya moto. Sajini akaketi. Akala cha kwanza, akafumba macho, akaegemeza mgongo wake mpana ukutani, akashusha pumzi ndefu iliyosikika mpaka kwa kinyozi. Alikaa hivyo mpaka sahani ikaisha. Kisha akainuka, akashukuru, akavaa kofia, akaondoka kwa hatua za gwaride kuelekea kituoni, ambako mkuu wake alikuwa akikagua sare, na mgongoni mwake, kwenye kaki iliyopigwa pasi, zilikuwa zimekaa nukta tatu nyekundu, zimenyooka vizuri.

Sikudhani akafungua mdomo amwite. Baba yake akamgusa bega.

"Mwache," akasema, akiitazama kazi yake ikiondoka. "Kwenye kitambaa zimekaa vizuri kuliko ukutani."